Kabla Hamjauchonga Mzinga

Wajukuu wangu,

Mliponiletea ngoma ya baba yangu Jumapili ile, imefungwa nyuma ya bodaboda kwa mpira wa tyubu, mlikuwa mmeshaamua. Mmoja wenu aliupima mdomo wa mzinga kwa tepu ya fundi akanionyesha namba kwenye simu: sentimita 31 upande mmoja, 29 upande wa pili. Mkasema ngoma imezeeka, imepinda kama yai, na ndiyo sababu tangu Desemba inatoa sauti mbili zinazogombana hadi kwaya inakosa pa kushika. Seremala mmoja amewaambia anaweza kuuchonga mdomo ukawa duara kamili kwa siku moja. Ikishindikana, mtachanga fedha mnunue ngoma mpya Mombasa. Yule mdogo wenu akaongeza, kwa heshima kabisa, kwamba hii ya zamani ingepelekwa makumbusho.

Niliwaomba wiki moja. Wiki imekwisha, na jibu langu ni kwamba mzinga usiguswe. Lakini mzee akisema hapana bila kueleza anawanyima vijana haki yao. Kwa hiyo nimeketi chini ya mwembe, upepo wa Ziwa Jipe ukinijia na harufu ya matete, niwaandikie sababu zangu. Nimefundisha fizikia miaka 32, na ngoma nimeipiga tangu kabla sijajua kuandika neno fizikia. Yaliyomo humu nimeyapata ubaoni na viganjani, na mengine nimeyapata wiki hii hii, nikiwa na ngoma yenu mapajani.

Nianze na mti, maana hapo ndipo mlipoanza kukosea. Mlidhani ngoma hii ilizaliwa duara, kisha uzee ukaipinda. Sivyo.

Mzinga huu ni wa mringaringa. Mti wenyewe uliangushwa na mafuriko ya mwisho wa mwaka 1961, yale yaliyoikumba sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, ukalala kando ya Mto Lumi. Nilikuwa na miaka 13. Baba aliugonga gogo kwa ngumi kuanzia shinani kwenda juu, akisikiliza, kisha akakata kipande cha karibu na shina. Mringaringa ni mti mwepesi, haumshindi mwenye tezo, na ndio huohuo watu wanaouchongea mizinga ya nyuki. Lakini mti huu ulikuwa umeota ukiyainamia maji. Mti ulioinama kiini chake hakikai katikati. Pete za upande mmoja huwa pana, za upande wa pili huwa zimebanana.

Na mti ukikauka hausinyai sawa pande zote. Husinyaa zaidi kwa kufuata mzunguko wa pete zake kuliko kutoka kiini kwenda gome; kwa miti mingi ni karibu mara mbili. Ndiyo maana gogo zima likiachwa juani hupasuka nyufa zinazoelekea kiini. Mchongaji akikichimba kiini chote, na kikawa kilikaa katikati, mzinga husinyaa sawia na kubaki na umbo lake. Kiini kikiwa kando, upande mmoja hujivuta kuliko mwingine, na mdomo uliochongwa duara Januari unakuwa duaradufu kabla ya masika. Baba alijua hivyo. Aliuacha mzinga ukauke mwaka mzima darini, juu ya moshi wa jiko, ndipo akaumalizia. Hakuufanya duara. Alilainisha ukingo tu, akaufuata mti ulivyotaka.

Najuaje kwamba haukupinda jana? Kwa sababu niliupima mwenyewe mwaka 1974, nikiwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu. Nilipata 31 kwa 29. Namba zenu zilezile. Kwa hiyo ngoma hii imekuwa duaradufu zaidi ya miaka 50, imechezewa harusini, imekesha matangani, imepigwa misa za Krismasi nisizoweza kuzihesabu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyesema inalia sauti mbili. Mlianza kulisema Desemba. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angeniuliza mara moja: mwalimu, Desemba kilibadilika nini?

Nitafika huko. Kwanza mjue sauti inatokaje.

Ngozi ya ngoma haitetemi kwa namna moja. Ukiipiga katikati kwa kiganja kizima, ngozi yote hupanda na kushuka pamoja, kama kifua cha mtu aliyelala. Huo ndio mlio mzito, na haulijali sana umbo. Unajali ukubwa wa eneo la ngozi, uzito wake na mkazo wake. Fanyeni hesabu: 31 mara 29 ni 899. Ngoma ya duara kamili yenye kipenyo cha 30 ingekuwa 30 mara 30, yaani 900. Tofauti ni moja katika mia tisa. Mkiwaweka wapigaji wote wa Taita Taveta gizani na ngoma mbili za namna hiyo, zenye ngozi ileile na mkazo uleule, hakuna atakayezitenganisha kwa pigo la katikati.

Ukiipiga ukingoni, hali ni nyingine. Ngozi hugawanyika nusu kwa nusu: huku ikipanda, kule inashuka, na kati yake unabaki mstari usiotikisika. Katika ngoma ya duara mstari huo unaweza kulala upande wowote na sauti ikabaki moja. Katika duaradufu kuna mikao miwili tu ambayo ngozi inaikubali. Katika mkao wa kwanza ngozi inabembea kwa kufuata urefu wa yai, na sauti yake ni nzito kidogo. Katika wa pili inabembea kwa kufuata upana, na sauti yake ni nyembamba kidogo. Kwa vipimo vya ngoma yetu, sauti hizo zinapishana kama sehemu tatu katika mia, haifiki nusu toni ya kinanda. Ni kidogo, lakini sauti mbili zilizokaribiana hivyo zikilia pamoja hugongana, mlio ukavimba na kunywea mara kadhaa kwa sekunde moja. Hilo ndilo mnalolisikia. Masikio yenu hayakukosea, na nimefurahi kwamba mnayo. Mlichokosea ni mshtakiwa.

Siku moja jaribuni hivi kwenye ngoma ya duaradufu iliyokazwa sawa pande zote. Shikeni ngoma, pigeni kidole kimoja ukingoni kwenye ncha ya ule upande mrefu. Sauti itatoka moja, safi, kwa sababu mkao wa pili una mstari wake tuli hapohapo unapopiga, na kitu hakitikisiki kwa kupigwa mahali pasipotikisika. Zungusheni ngoma robo mzunguko, pigeni kwenye ncha ya upande mfupi. Itatoka moja tena, nyembamba kuliko ile. Sasa pigeni katikati ya ncha hizo mbili. Hapo ndipo mtasikia ugomvi, maana mmeziamsha sauti zote mbili kwa mkupuo. Mpigaji aliyeizoea ngoma yake huizungusha mpaka mahali safi paje chini ya mkono wake wa kulia, bila hata kufikiri. Nimewatazama ninyi kanisani: mnaikamata ngoma popote inapoangukia.

Alama ndogo niliyoichora kwa makaa ubavuni mwa mzinga inaonyesha ncha ya urefu ilipo. Msiifute.

Basi, Desemba. Ngozi ya zamani ilipasuka na mkawamba mpya wenyewe. Kwa hilo nawapa pongezi kwa moyo wote, kwa kuwa vijana wengi wangeitupa ngoma siku ileile. Ila kuna methali mnaitamka kila siku bila kuitazama: mwamba ngoma huivutia kwake. Watu wanaisema wakizungumzia ubinafsi, na ni kweli. Lakini aliyeitunga alikuwa ameketi na ngozi mbichi mapajani. Mtu mmoja akiwamba peke yake, ameshika koleo na nyundo, mwili wake wenyewe unaivuta ngozi upande aliokaa. Upande wa tumboni kwake unakuwa mkavu kama ubao na upande wa mbali unabaki umelegea. Nilipoigonga ngozi yenu kwa kidole kuzunguka ukingo, niliweza kuonyesha alipoketi aliyewamba. Wala sitaki kujua ni nani.

Mjue uzito wa jambo hili. Sauti ya ngozi hupanda kwa kipeuo cha pili cha mkazo wake. Ili sauti itofautiane kwa sehemu tatu katika mia, inatosha mkazo utofautiane kwa sehemu sita. Sehemu sita katika mia ni kitu gani? Ni mkono mmoja uliochoka. Kwa hiyo hata mngekuwa na mzinga uliochongwa na mashine, duara ambalo bikari haiwezi kulikosoa, uwambaji wa Desemba ungewapa sauti mbili zilezile.

Hapo ndipo nilipodhani nimemaliza, wajukuu wangu. Nilidhani nitawaandikia kwamba ngozi ikazwe sawasawa pande zote, basi. Jumatano nikang'oa misumari yenu ili nianze upya. Ilikuwa 22, na mliipanga vizuri sana, kwa nafasi sawa kuzunguka mdomo wote. Chini yake, baada ya kusugua vumbi na nta ya zamani, nikakuta matundu ya vigingi vya baba. Nayo yalikuwa 22. Lakini hayakupangwa kwa nafasi sawa. Kwenye kila ncha ya ule upande mrefu kulikuwa na matundu saba yaliyobanana. Kwenye kila ubavu yalikuwa manne, yenye nafasi pana kati yake.

Nimekuwa nikiiona ngoma hii tangu ilipochongwa. Nikiwa mtoto nilidhani vigingi vilibanana kwa sababu mti ulikuwa mgumu upande mmoja, au kwa sababu ya ukarabati. Sikuwahi kuuliza. Jumatano usiku nilichukua karatasi nikafanya hesabu ambayo ningeweza kuifanya mwaka 1974 kama ningekuwa na adabu ya kuuliza. Ngozi ya duaradufu ikikazwa zaidi kwa kufuata urefu wake, kwa kiasi cha mraba wa urefu gawanya kwa upana, hutetema sawa na ngozi ya duara. Sauti zile mbili zinarudi kuwa moja. Gawanyeni 31 kwa 29, kisha zidisheni jibu kwa lenyewe: mnapata kama 1.14. Maana yake mkazo wa urefu uzidi ule wa upana kwa sehemu 14 katika mia, na upotofu wa mzinga umelipwa.

Baba hakusoma zaidi ya darasa la pili, na sitasema alijua mraba wa uwiano. Aligonga, akasikiliza, akaongeza kigingi pale sauti ilipokuwa nzito, akasikiliza tena. Alipomaliza, mkono wake ulikuwa umeandika jibu kuzunguka mdomo wa mzinga, na jibu hilo limekaa hapo miaka yote nikipita nalo mbele. Ninyi mlipopanga misumari kwa nafasi sawa mlifanya lililo sahihi kwa ngoma ya duara, juu ya ngoma isiyo duara. Ndiyo maana upotofu uliokuwa umelala tangu 1962 uliamka mikononi mwenu.

Sasa mnaelewa kwa nini namwogopa yule seremala. Akiuchonga mdomo uwe duara, atalazimika kula ukuta wa mzinga kwenye ubavu kutoka ndani, au kuupunguza kwenye ncha kutoka nje. Kwa vyovyote atauacha mwembamba pale unapobeba vigingi. Najua litakalofuata kwa sababu nililifanya mimi. Likizo ileile ya 1974 kulikuwa na ngoma ya pili, mdogo wake hii, iliyotoka kwenye gogo hilohilo. Nilikuwa nimejifunza kuhusu duara na kipenyo, nikaona aibu kwamba nyumbani kwetu hakuna ngoma iliyonyooka. Baba akiwa shambani nilichukua tupa na msasa nikafanya kazi siku mbili. Ilitoka duara nzuri sana. Ngozi mpya ilipokauka na kujivuta, ukuta ulipasuka kutoka tundu la kigingi hadi katikati ya mzinga. Baba aliitazama, akaipitisha mkono ndani, akaiziba pande mbili na kuitundika kwenye mgunga ikawa mzinga wa nyuki. Hakunigombeza. Kwa miaka kadhaa tulikula asali yake, na kila nilipoionja nilikumbuka.

Sisemi umbo halina maana popote. Iko ngoma inayoitwa timpani, bakuli kubwa la shaba linalopigwa katika okestra za Ulaya. Hiyo kazi yake ni kutoa noti kamili, ilingane na zeze na tarumbeta, na sauti yake inatokana hasa na ile mitetemo ya ukingoni. Bakuli lake likibonyea kidogo tu, mpigaji anateseka. Na tabla za Wahindi, ambazo wazee wenzangu wa Voi na Taveta walizisikia nyuma ya maduka, zina lile doa jeusi katikati ya ngozi. Mwanafizikia C. V. Raman alieleza kati ya mwaka 1920 na 1934 jinsi uzito wa doa hilo unavyoipanga mitetemo ya ngozi mpaka ikaimba kama uzi wa zeze. Ngoma ya kawaida, hata iwe duara kamili, haina mpangilio huo. Mtetemo wa pili wake ni mara 1.59 ya ule wa kwanza, namba isiyo na nyumba katika muziki wowote ninaoujua. Kwa hiyo tusiitafutie ngoma yetu unyoofu ambao hata duara lenyewe halina. Kazi yake si kushika noti. Kazi yake ni kushika miguu ya watu.

Na kuna swali moja nilipenda kuwapa wanafunzi wa kidato cha nne siku ya mwisho wa muhula. Mwaka 1966 mwanahisabati Mark Kac, mzaliwa wa Ulaya Mashariki aliyehamia Marekani, aliandika makala akiuliza kama mtu anaweza kusikia umbo la ngoma. Yaani mtu aliyefumbwa macho, akipewa sauti zote ambazo ngozi inaweza kutoa, ataweza kuchora umbo lake? Watu walihangaika na swali hilo miaka 26. Mwaka 1992 Carolyn Gordon, David Webb na Scott Wolpert walipata maumbo mawili tofauti, yenye pembe na kona, ambayo sauti zake zote ni zilezile. Jibu likawa hapana. Sikio halioni umbo moja kwa moja. Linasikia jumla ya mambo mengi, na jumla moja inaweza kutoka kwenye mambo tofauti. Ninyi mlisikia sauti mbili, mkatazama umbo, mkahukumu. Ningependa mkisikia tena kitu kibaya kwenye ngoma yoyote mpitie mambo haya kabla hamjashika tupa.

Tazameni ngozi kwanza. Ngozi ya mbuzi ni nene kwenye mstari wa uti wa mgongo na nyembamba kuelekea tumboni. Ya Desemba mliiweka uti ukiwa kando, karibu na ukingo, kwa hiyo nusu moja ya ngoma ilivaa ngozi nzito na nusu nyingine nyepesi. Uti upite katikati. Kwa ngoma hii ningeupitisha kwenye upande mfupi, ili uzito wake uivute chini ile sauti nyembamba, isogee karibu na nzito.

Kisha ukingo. Mdomo unaweza kuwa yai na usilete shida, lakini usiwe na mabonde. Ngozi isipokaa juu ya ukingo mzima itazizima au kukereketa. Sugueni makaa juu ya sakafu ya saruji iliyo sawa, pindueni mzinga, uzungusheni kidogo. Palipopata weusi ni mlima, pasipopata ni bonde. Ngoma yetu ina bonde moja, upana wa vidole viwili, karibu na ufa mmoja mdogo. Hilo nitalishughulikia mimi, kwa msasa laini na subira.

Ufa wenyewe hauna kina. Nta ya nyuki iliyochanganywa na unga wa mbao ya mringaringa inautosha. Ufa unaopitisha hewa ni mbaya kuliko umbo lolote, kwa sababu nusu ya mvumo mnaousikia ni hewa iliyo ndani ya mzinga ikisukumwa na ngozi na kutokea chini. Hewa haijali kama kuta ni duara au yai. Inajali ujazo na tundu la kutokea. Nimewaona mkiisimamisha ngoma wima juu ya zulia la kanisa, tundu limezibwa kabisa, halafu mnalalamika haivumi. Iinamisheni.

Kuna na moto. Hapa kwetu Mata hewa ya asubuhi karibu na ziwa inailegeza ngozi, na jua la mchana linaikaza kupita kiasi. Mnapoipasha kwa moto wa majani makavu ya mgomba, izungusheni muda wote kama mnavyogeuza chapati, maana upande ulioukabili moto hukaza peke yake, na mnarudi kwenye sauti mbili. Wala msiikaze hadi ilie juu sana ili ishinde spika. Wazee waliposema ngoma ikilia sana hupasuka hawakuwa wakisema juu ya watu tu.

Nimebakiwa na lile la makumbusho na lile la Mombasa. Wapokomo wa Mto Tana walikuwa na ngoma yao kuu, Ngadji, iliyochukuliwa na maofisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20. Iko London, katika hifadhi ya British Museum. Sina shaka imetunzwa vizuri, haina mchwa wala unyevu. Lakini watu wake wamezaliwa na kuzikwa, kizazi baada ya kizazi, bila kuisikia. Na majirani zetu wa milimani, Wadawida, ngoma yao ya Mwazindika imeandikwa na UNESCO kati ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, kama ilivyoandikwa Isukuti ya Waisukha na Waidakho mwaka 2014. Wajukuu wangu, mkitafakari neno haraka hapo, mtaona kwamba kinachopotea kwanza si mizinga. Kinachopotea ni mtu anayejua kwa nini vigingi saba vimebanana ncha hii na vinne vimeachana ubavu ule. Mimi nimekaribia kuzikwa nikiwa sijui, na niliishi nyumba moja na aliyevipanga.

Ngoma ya dukani nunueni mkitaka, sitawazuia. Ina skrubu na pete za chuma, itakaa sawa mvua na jua, na kwaya inaihitaji. Ila isije kuchukua nafasi ya hii. Mwaka nilipozaliwa ngoma zilikuwa zinabaki nje ya kanisa. Mpaka baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofungwa mwaka 1965, ndipo zilipoanza kusogea taratibu hadi karibu na altare. Hii ni kati ya zile za kwanza kuingia hapa kwetu. Iliingia ikiwa duaradufu.

Nimenunua ngozi ya mbuzi dume sokoni Taveta siku ya Jumamosi, ngozi mbichi isiyotiwa dawa. Vigingi 22 nimevichonga mwenyewe na viko kwenye kikapu karibu na mlango. Ngozi itaingia majini Ijumaa jioni, Jumamosi saa mbili asubuhi itakuwa laini. Njooni angalau wawili, mkae mkitazamana, kila mmoja kwenye ncha yake ya upande mrefu, mvute kwa pamoja. Mimi nitakuwa katikati, nikigonga ukingo na kuwaambia ni kigingi gani kishuke. Mikono yangu haina tena nguvu ya kuvuta, lakini masikio bado yapo. Tutaianika kivulini, si juani, siku nne.

Leteni na yule mdogo wenu aliyetaja makumbusho. Yeye ndiye nitakayemfundisha kusikiliza.